Faida ya Miti Iliyosimama

Mjomba, shikamoo.

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwa Mama mkubwa Tatu, dada yako, huko Matombo, na jina lako lilisemwa mbele ya watu. Ilisemwa fidia, ikasemwa nyumba anayokaa mkeo Mama Asha na watoto wako. Sitaki habari hii uipate kwa mtu mwingine. Mkosaji ni mimi, na nataka uisikie kwa kinywa changu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua.

Niko nyumbani kwangu Mwembesongo, mashine ya kusaga ya jirani inaguruma, na nimeshafuta mistari mitatu. Mimi niliyezoea kuandika "Rejea barua yako yenye kichwa cha habari hapo juu" kutwa nzima kwenye ghala la vyakula vya kuku, leo sijui hata pa kuanzia. Ungenicheka.

Basi nianze na nguzo. Nguzo za umeme mkubwa zilipopita kwenye shamba letu la bondeni, tulilipwa fidia. Shamba lile si la mtu, ni la ukoo, limeshuka kwa mama zetu, na wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa ukoo. Kwa hiyo hela ilifika mkononi mwako, nawe ukaiogopa. Ulishuka mjini na bahasha yako ya kaki kwapani, hata chai hukunywa, ukaniambia: "Zuhura, hela hii inaniwasha kama upupu. Nitafutie pa kuiweka."

Nilifurahi, Mjomba. Katika ukoo wote ukaja kwangu! Na mimi nilikuwa na jibu tayari. Ilikuwepo kampuni iliyopanda mitiki huko mbele ya Dumila, inauza hisa kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo kama sisi. Kila mwaka ilitoa kitabu cha mahesabu chenye picha nzuri za miti, faida ikipanda mwaka hadi mwaka, na gawio lilikuwa linalipwa kweli, si hadithi. Nilikisoma kile kitabu siku mbili, nikakueleza tukiwa tumekaa pale kibarazani. Nikasema faida imepanda. Ukasema, "Kisha?" Nikasema faida ikipanda na gawio linapanda. Ukasema, "Kisha?" Lile neno lako! Nimekua nalo. Mtoto akikwambia amefaulu, kisha? Mtu akikwambia anaoa, kisha? Ulikuwa unamsogeza mtu taratibu mpaka anafika pale ambapo hajui, na hapo ndipo ulipokuwa unataka afike.

Mwisho ukauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hao, serikali wameiambia wamepata kiasi gani?"

Ulikuwa umeuza ndizi na pilipili manga tangu sijazaliwa, na ulisema mtu wa sokoni ana hesabu mbili. Akimringia mwenzake, ameuza sana. Akija mtoza ushuru, hajauza kitu, mvua imeharibu biashara. Ukasema usimwamini wa kwanza wala wa pili, wewe simama katikati uulize hiyo iliyopungua imekwenda wapi.

Nikafungua kurasa za nyuma, pale kampuni inapoeleza inavyotoka kwenye faida ya vitabuni mpaka kwenye kipato kinachotozwa kodi. Hukuwa na miwani, nikakusomea. Faida ya vitabuni kubwa. Kipato cha kodi kidogo, na mwaka mmoja hakikuwepo kabisa. Ukanitazama. Nami nikakujibu, Mungu anisamehe: "Hayo ni mambo ya kitaalamu, Mjomba. Sheria ya uhasibu mbali, sheria ya kodi mbali. Tofauti ni kawaida, usihangaike."

Sikusema uongo. Tofauti ni kawaida kweli. Kampuni ikinunua mashine ya kupasulia mbao, vitabuni inaigawanya gharama yake kwa miaka mingi, lakini sheria ya kodi inaweza kuiruhusu ikate sehemu kubwa miaka ya mwanzo. Hapo faida ya vitabuni itaonekana nene na ya kodi nyembamba, na hakuna mwizi. Huko mbele gharama ya mashine itakapokuwa imekwisha kukatwa yote, kodi itapanda na pengo litaziba. Hayo nilisoma darasani nikapata alama nzuri. Nilichokosa kufanya ni kuangalia mashine ilikuwa sehemu gani ya ile tofauti. Ilikuwa kipande kidogo tu, Mjomba. Sehemu kubwa ilikuwa miti yenyewe. Kila mwaka alikuwa anapita mthamini, anakadiria mitiki ile ingeuzwa bei gani, na kila ilipoongezeka thamani, nyongeza ile iliingia vitabuni ikaitwa faida. Hakuna mti uliokatwa, hakuna mnunuzi, hakuna shilingi iliyoingia. Kodi haikuigusa nyongeza ile kwa sababu ilikuwa inangoja miti iuzwe.

Na wewe ulielewa, bila darasa! Nilipokutajia siku ile ile kwamba kodi inangoja miti iuzwe, nusu kwa kuringa, ulisema, "Kama ngoto, basi." Mtu akilima shamba la ukoo mwingine, anapeleka ngoto kwa wenye ardhi baada ya kuvuna. Hakuna mkubwa wa ukoo anayekwenda kudai ngoto kwenye mahindi mabichi. Ukasema basi serikali inangoja mavuno, na hawa wanagawa kabla hawajavuna. "Sasa hilo gawio wanalitoa wapi?"

Nikakujibu, "Kwenye faida, Mjomba."

Jibu gani lile! Jibu lilikuwa ndani ya kitabu kile kile, kurasa chache tu mbele: mkopo wa benki ulikuwa unaongezeka kila mwaka. Walikuwa wanakopa, wanatugawia, na sisi tunashangilia. Na lipo la pili. Siku miti itakapokatwa serikali itakuja kuchukua chake, kwa hiyo hata ile faida ya kwenye karatasi haikuwa yetu yote. Kampuni yenyewe ilikuwa imeandika pembeni, kodi iliyoahirishwa, ngoto ya kesho. Nilipita pale kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa.

Unakumbuka tulivyokwenda kuitazama? Uligoma kununua kitu ambacho hujakishika. Uliingia kati ya mistari ya mitiki na viatu vyako vya Ijumaa, ukapima shina kwa viganja, ukasema, "Huyu bado mtoto, mnamwozesha?" Kijana wa kampuni aliyekuwa anatutembeza alicheka akidhani ni utani. Wakati wa kurudi, pale Dumila, ulibishania bei ya vitunguu mpaka mama wa watu akakuuliza kama umetumwa na adui zake. Ukampa bei yake, ukaongeza na ya soda. Tulicheka njia nzima. Naikumbuka siku ile kuliko siku nyingine zote, na ndiyo siku ninayoionea haya kuliko zote.

Kisha ile asubuhi kabla ya kwenda kulipa. Ulikuja tena, ukaomba nikupitishe kwenye ukurasa ule mara moja zaidi. Nilikuwa na wageni sebuleni, watu wa kazini. Nikaona unanivunjia heshima. Nikakukatiza: "Mjomba, hili nimelisomea. Unaniaibisha mbele za watu. Ngojangoja huumiza matumbo." Kumwambia mjomba wangu hivyo, mimi! Ulimaliza chai yako polepole. Pale mlangoni ukasema: "Basi nitatia nusu. Nusu nyingine itakaa benki, kwa jina la ukoo. Wala sitasema ni kwa sababu yako."

Na hukusema.

Gawio la kwanza lilikuja, na la pili. Nikawa msomi wa ukoo. Nikifika Matombo natandikiwa mkeka mpya, natengewa firigisi ya kuku. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Mjomba, na mimi nilitia ndoo nzima. Ndipo Shomari, mtoto wa mama mdogo, alipoanza kuuliza mbona gawio linakuja kwa hisa za nusu ya fidia tu. Nusu nyingine iko wapi? Ulimjibu neno moja, "Ipo." Mwaka ule pilipili manga ilikuwa na bei nzuri, ukaezeka nyumba yako mabati mapya. Weeh! Watu hawakuhitaji ushahidi zaidi. Ikawa Mzee Kibwana amekula fidia, Mzee Kibwana ameezekea hela ya marehemu bibi zetu. Kwenye harusi ya binti yake Shomari uliingia, na maongezi yakakatika. Ulisalimia wote, ukakaa karibu na mlango, ukala kidogo.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nachambua mchele na wenzangu, nikainamisha kichwa kwenye ungo. Nilijua hela iko wapi, nilijua kwa nini iko huko, na nikanyamaza. Najidanganya nikisema niliogopa. Ukweli ni kwamba nilipenda. Nilipenda kuwa mimi ndiye niliyepatia. Kama ningesema ulizuia nusu kwa kuwa hukuridhika na maelezo yangu, wangeuliza hukuridhika na nini, na ningelazimika kuufungua ukurasa ule mbele yao.

Halafu masika ikaja, kifua kikakubana siku nne, ukaondoka. Nilikupa maji kwa kijiko. Nilikuwa na siku nne nzima za kukwambia, nami nikawa nakuuliza kama unasikia baridi.

Baada ya arobaini yako kitabu kipya cha kampuni kilifika. Bei ya mitiki imeshuka, mthamini amepita tena, na safari hii amekata thamani. Faida ile ya miaka yote ilitokea mlango ule ule ilioingilia. Hasara. Gawio hakuna. Benki inadai, na wenye hisa tunaombwa tuongeze mtaji. Nilipigia simu wakala nikamuuliza kama tunaweza kuuza hisa zetu. Akasema atanitafuta, na mpaka leo ananitafuta. Nani atanunua?

Nikavitoa vitabu vyote, mwaka kwa mwaka, nikavipanga mezani nikianzia kurasa za nyuma. Pengo lilikuwa linakua, Mjomba. Mwaka wa kwanza dogo, unaofuata kubwa, unaofuata kubwa zaidi, na mkopo ukipanda nalo sambamba. Si kwamba pengo peke yake ni ugonjwa. Ila pengo lisiloziba, linalokua kila mwaka, na hela haionekani, hilo ni la kuulizwa kabla hujafungua mfuko. Ulikuwa umeuliza, nami nilikunyamazisha. Nililia juu ya vitabu vya mahesabu, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuvililia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyetuibia. Kila kitu kiliandikwa, kwa kufuata sheria, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka.

Sasa Jumamosi. Shomari alisimama akasema hisa zimekufa, tusiwaongezee hata senti, kilichobaki ni ile nusu aliyokula marehemu. Akasema imo kwenye mabati. Akasema watoto wako ni wa ukoo wa mama yao, si wetu, kwa hiyo nyumba ile irudi ukooni ifidie, na Mama Asha apewe muda atafute pa kwenda. Baadhi ya watu wakaitikia. Wengine walitazama chini. Mama Asha alikuwa amekaa kwenye mlango wa jiko na kanga yake kichwani, nadhani alikuwa amekwisha kukubali. Mwanao Asha ndiye aliyenitazama. Ana macho yako, na hilo halikunisaidia.

Nikasimama. Nilikuwa na vitabu vyote kwenye kikapu, nikavitoa, nikawaeleza kama ulivyonieleza wewe: miti iliyosimama, ngoto, mtu anayegawa kabla ya kuvuna. Nikasema Mzee Kibwana aliliona hili kabla hatujatoa hela, akaniuliza mara mbili, nami nikamwambia hajui. Nikasema nusu iko benki kwa jina la ukoo, aliizuia kwa sababu hakunielewa, na hakunielewa kwa sababu hata mimi sikuwa nimejielewa. Nikasema nilijua siku zote mlipokuwa mnamwita mwizi.

Shomari akauliza, "Kwa hiyo aliyetupoteza ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukamwacha afe na jina lile?"

Nikasema ndiyo. Kuna mtu nyuma alisonya, akasema, "Msomi!" Nililistahili.

Ndipo Mama mkubwa Tatu alipofungua fundo la kanga yake akatoa karatasi ya benki. Jina la ukoo, sahihi yako na yake. Nusu yote ipo, na nyongeza yake juu. Alimpa Shomari aisome mwenyewe, kwa sauti. Aliisoma. Alipomaliza akaikunja vizuri, akaenda mpaka mlango wa jiko, akachuchumaa mbele ya mkeo, akamwomba radhi. Mama Asha akamwambia, "Muombe aliyelala." Kisha akavuta kanga usoni akalia, na wanawake wote wakalia naye, na wanaume wakakohoa.

Nyumba ni ya mkeo na wanao, limekwisha, hakuna atakayelirudia. Kampuni hatuiongezei, hisa tulizonazo tutakaa nazo, labda miti ikikua kweli watu watavuna kweli. Mimi nimeondolewa kwenye kushika hela ya ukoo, atashika Shomari na Mama mkubwa. Lakini wamenipa adhabu moja: kila mwaka kitabu kikija nipande Matombo niwasomee kurasa zile za nyuma, kwa Kiswahili cha nyumbani, faida waliyoringa nayo na kipato walichotozwa kodi, na nieleze kilicho katikati. Shomari amesema neno "kitaalamu" likinitoka, nitalipa kuku.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mama mkubwa jikoni, alikuwa anapepeta. Nikamuuliza kwa nini alikaa na karatasi ile muda wote, mdogo wake anatukanwa, naye ana dawa kwenye fundo la kanga. Hakuinua macho. Akasema wewe ulimkataza. Akasema ulimwambia: "Nikimkatalia Zuhura mbele za watu, hatainua mdomo tena, na ndiye tunayemtegemea kutusomea. Mwache. Atasema mwenyewe." Mjomba, ulikubali kuitwa mwizi ili mimi nisifunge mdomo?

Nikamuuliza, "Na leo nisingesema?"

Akasema, "Ningeitoa kabla hawajamgusa mke wa ndugu yangu. Lakini wewe ningekuhesabu tumekuzika naye."

Nisamehe, Mjomba. Nakuahidi nitawasomea, kila mwaka, niwe na nafasi nisiwe nayo, na mtu yeyote akiuliza, hata akiuliza mara kumi, nitamjibu mpaka aelewe, au nitasema mbele ya watu kwamba sijui. Mama Asha nitamtazama kama ulivyonitazama mimi.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko. Yangu imechelewa, ila nimeitoa.

Mpwa wako,
Zuhura